Stendi ya sufuria tatu Malindi: chaneli ya bolti, chuma cha kuchomelea au jukwaa la mawe?

Anayepika juisi ya ukwaju ya kuuza, au wali wa shughuli, akifikia sufuria ya lita 50 jiko la mezani halimtoshi tena. Maji ya lita 50 ni kilo 50 kabla hujahesabu sufuria yenyewe. Ziwe tatu, pamoja na majiko yake, ni zaidi ya kilo 170 za vitu vinavyochemka, vimesimama juu ya miguu minne katika ua ambao watoto na kuku hupita watakavyo. Ndiyo maana swali la stendi liangaliwe usalama kwanza, kisha pesa.

Njia za maana hapa Malindi ni tatu: chaneli ya chuma inayofungwa kwa bolti, fremu ya kuchomelea, na jukwaa la mawe. Nguzo za mvinje nazitaja ili niziondoe. Mvinje ni mti mzuri wa kujengea na ni kuni nzuri pia, na kitu ambacho ni kuni nzuri hakiwekwi chini ya jiko la gesi.

Niseme mapema ninakoegemea. Aliyepanga nyumba, na ambaye kazi yake hubadilika, Ramadhani juisi, msimu wa arusi biriani, achukue chaneli. Mwenye ua wake anayepikia kuni, ajenge kwa mawe na asihangaike na chuma. Fremu ya kuchomelea huwashinda wote kwa unafuu wa bei, ila naipendekeza kwa sharti moja ambalo mafundi wengi hawalitaji: isiwe ya bomba la mraba. Karibu kila hoja itakayofuata inarudi kwenye chumvi ya bahari.

Chaneli ni kitu gani

Ni ukanda wa chuma uliokunjwa kama herufi U, midomo yake imerudishwa ndani, na mgongoni una matundu marefu. Umeshauona kwenye dari za hoteli na hospitali, ukibeba nyaya na mabomba. Asili yake ni Michigan, Marekani, ambako Charles Attwood alianzisha kampuni ya Unistrut mwaka 1924. Mpaka leo mafundi wengi wa umeme huiita kila chaneli ya namna hii Unistrut, hata ikiwa imetoka kiwanda kingine. Kipimo chake cha kawaida ni milimita 41 kwa 41, na ipo nyembamba ya 41 kwa 21. Ndani yake huingizwa nati maalumu yenye meno. Ukikaza bolti, meno yanauma ile midomo na kiungo kinashika. Hutoboi tundu wala huchomelei kitu. Kazi yote ni msumeno wa chuma, futi na spana.

Kuigeuza stendi ya sufuria ni wazo la watu wa mbali. Huko Marekani, baada ya sheria ya shirikisho ya 1978 kuruhusu watu kujitengenezea bia nyumbani kwa matumizi yao, watengenezaji wa uani walihitaji vyombo vitatu: cha maji ya moto, cha kulowekea nafaka, na cha kuchemshia. Wengine wakajifungia stendi kwa chaneli za umeme. Bia tuwaachie wenyewe. Lakini utaratibu wa vyombo vitatu ndio huohuo wa ukwaju: maji moto huku, ukwaju unalowekwa na kuchujwa kati, na juisi inachemka na sukari upande wa pili.

Chumvi kwanza, mengine baadaye

Chaneli ikiwa mpya inang'aa kwa sababu imepakwa zinki, na zinki hiyo ndiyo uhai wake. Zipo aina mbili dukani na kwa macho ya haraka zinafanana. Ya kwanza imekatwa kutoka bati lililokwisha kupakwa zinki kiwandani. Tabaka lake ni kama mikroni 20 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kingo za matundu zimebaki wazi. Ya pili ilitengenezwa kwanza, ndipo ikachovywa katika zinki iliyoyeyuka. Tabaka lake hufika mikroni 55 hivi, na zinki imeingia hadi ndani ya matundu. Ya kwanza ni laini na inameta. Ya pili ni ya kijivu iliyofifia, na ukiipapasa ina vipele.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu wa pwani. Kwa viwango vya kimataifa vya kutu, mahali penye chumvi kali ya bahari zinki hupungua kama mikroni 4 hadi 8 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ile inayometa inaweza kuanza kuonyesha kutu ndani ya miaka mitatu hadi mitano, na ile iliyochovywa inaweza kukufikisha miaka saba au hata kumi na tatu. Anayeishi Barani au Maweni, mbali kidogo na ufuo, ana nafuu kuliko mwenye ua unaopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja. Na usidhani paa la makuti linakulinda. Chuma kilicho chini ya paa hakioshwi na mvua, kwa hiyo chumvi hukaa juu yake mwezi baada ya mwezi. Dawa yake ni kukimwagia maji matamu kila wiki, ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi.

Sasa bomba la mraba. Fundi wa kuchomelea atakupendekezea hilo kwa sababu linanyooka vizuri, lina sura safi, na ndilo analotengenezea mageti kila siku. Tatizo liko ndani yake. Unyevu wa chumvi huingia kupitia ncha zisizozibwa na vitundu vya uchomeleaji, ukatulia humo, na hakuna brashi ya rangi itakayofika. Nje unaona rangi nzuri ya kijani. Ndani ukuta wa milimita 1.2 unaliwa. Siku mguu unapokatika hakuna dalili iliyotangulia, na juu yake kuna maji yanayochemka. Ukiamua kuchomelea, agiza anglaini ya milimita 40 kwa 40, unene wa 3 au 4. Ni chuma cha pande mbili zilizo wazi: unakiona chote, unakikwangua chote, unakipaka rangi chote. Fundi atanung'unika kwamba haipendezi. Mwache anung'unike.

Kwa jambo hilohilo chaneli nayo iko wazi, na kutu yake utaiona ikianza. Ina ila yake, hata hivyo, na kwa mpika juisi si ndogo: lile umbo la U ukilielekeza juu ni mfereji. Shira ya sukari inamwagika humo, sisimizi wanafuata, na usiku mende wanahamia. Chaneli zote zilizolala zifungwe mdomo ukitazama chini. Miguu iliyosimama haina njia ya kukwepa, basi izibwe juu kwa vifuniko vya plastiki na ioshwe kwa mpira wa maji. Anglaini ni rahisi zaidi kusafisha, hilo naikubalia bila ubishi.

Moto na zinki

Watu huuliza kama zinki ni sumu karibu na chakula. Jibu lina sehemu mbili. Juisi ya ukwaju ni kali, na asidi yake huyeyusha zinki, kwa hiyo isiguse kabisa chuma kilichopakwa zinki. Usiweke ndoo ya bati wala kipande cha chaneli ndani ya juisi. Kuwa chini ya sufuria ni jambo jingine, mradi moto usiilambe.

Zinki iliyochovywa hustahimili joto la kama nyuzi 200 kwa muda mrefu. Ukizidi hapo tabaka la juu huanza kubanduka. Huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye 907. Jiko lenyewe, basi, lisikae juu ya chaneli. Sufuria ikalie vyuma vyeusi visivyo na zinki, flatibaa nene, yaani ukanda bapa wa chuma, au nondo zilizofungwa kuvuka chaneli, na ndimi za moto zibaki katikati mbali na fremu. Wakati wa kusi, upepo wa kusini-mashariki unaotawala kuanzia Aprili hadi Septemba, moto hulazwa upande mmoja na kuchoma mguu wa stendi. Weka kinga ya bati jeusi upande huo. Hiyo inahitajika kwa stendi ya aina yoyote, na gesi utakayookoa utaiona kwenye mtungi.

Halafu kuna wale wanaotaka kuchanganya: wanunue chaneli, kisha waipeleke kwa fundi aichomelee ili waokoe pesa za mabano, vile vyuma vya pembe vinavyounganisha chaneli kwa bolti. Hapana. Moto wa kuchomelea hugeuza zinki kuwa moshi mweupe, na anayeuvuta anaweza kupata homa na baridi saa kadhaa baadaye. Maziwa ambayo mafundi wetu hunywa baada ya kazi ni lishe, hayazuii homa hiyo. Tena pale ulipochomelea zinki imekwisha, na kutu inaanzia hapohapo. Chaneli ni ya bolti. Ukitaka kuchomelea, nunua chuma cheusi tangu mwanzo.

Na kama una rafiki wa sola mwenye vipande vya reli za aluminiamu vilivyobaki, mshukuru, kisha vitumie kuanikia vitambaa. Aluminiamu haiogopi chumvi sana, lakini hulegea mapema mno kwenye joto la jiko.

Hesabu ya vyuma

Tuchukue stendi ya usawa mmoja, sufuria zote zikiwa kimo kimoja, urefu mita 1.5, upana nusu mita, kimo sentimita 60. Reli ndefu nne ni mita 6. Miguu minne ni mita 2.4. Vipande vya kuvuka, sita juu na vitatu chini, ni mita 4.5. Jumla mita 12.9. Ukinunua chaneli za mita tatu utahitaji tano, na mabaki hayatapotea. Kwa chuma cha kuchomelea ni vipande vitatu vya mita sita, na mabaki ni makubwa kidogo.

Hadi hapo bei haziachani sana. Kinachokuja kuzitenganisha ni viungo. Stendi hiyo ina viungo 26, kila kimoja bano moja na angalau bolti mbili: mabano 26, bolti 52, nati za chaneli 52. Hapo ndipo mtu hushtuka, maana mfuko wa vitu vidogo unaweza kukaribia gharama ya chaneli zenyewe. Omba bei ya kila kitu pamoja kabla hujatoa hata shilingi, na kataa kabisa bolti za kawaida zisizo na zinki. Bolti nyeusi kwenye chaneli nyeupe itaganda kwa kutu, na faida yote ya kufungua na kufunga itakuwa imekwenda.

Nguvu haitakuwa shida. Chaneli nzito ya unene wa milimita 2.5 iliyovuka mita 1.2 hupewa na watengenezaji mzigo uliosambaa wa karibu kilo 300. Ile ya milimita 1.5 ni ya kubeba nyaya. Usikubali kuuziwa kwa kazi hii. Udhaifu wa stendi ya bolti ni kuyumba. Kiungo kilichochomelewa hakichezi, cha bolti hucheza kidogo, na sufuria ya lita 50 inayokorogwa kwa mwiko huisukuma fremu huku na huku. Tia vipande vya mshazari nyuma na pembeni. Baada ya kupika mara ya kwanza na chuma kupoa, pitia kila bolti kwa spana namba 17, maana ndiyo ya bolti nyingi za milimita 10.

Kila ncha unayokata imepoteza zinki. Kata kwa msumeno wa mkono badala ya grainda inapowezekana, piga tupa, kisha paka rangi yenye zinki nyingi.

Usawa mmoja, miwili au mitatu

Hapa ndipo chaneli inapojilipia, na hapa ndipo fremu ya kuchomelea inapokufunga.

Stendi za watengeneza bia wa Marekani ziko za namna mbili kuu. Moja ina ngazi tatu, na maji hushuka yenyewe kutoka sufuria ya juu hadi ya chini. Nyingine iko usawa mmoja na hutumia pampu. Ya ngazi tatu inaweka maji ya moto juu kuliko kichwa cha mpishi, na mimi siwezi kumshauri mtu yeyote mwenye watoto uani aijenge. Ya pampu inataka pampu ya chakula inayostahimili joto, na inataka umeme. Umeme ukikatika alasiri ya Ramadhani huku wateja wamekaribia saa ya futari, utakuwa unachota kwa kata.

Ngazi mbili zinatosha. Sufuria ya maji moto ikae kimo cha mita moja, na bomba lake la chini limwage kwenye sufuria ya ukwaju iliyo kwenye kimo cha sentimita 50. Ukwaju ukishachujwa, ndoo mbili za mkono zitaufikisha kwenye sufuria ya kuchemshia bila taabu.

Lakini wali haupikwi kwenye kimo hicho. Anayegeuza pilau ya lita 50 anataka ukingo wa sufuria chini ya kiuno ili mgongo ufanye kazi, na kwa hiyo stendi ya sentimita 35 hadi 40. Kwa chaneli unalegeza bolti, unateremsha reli, unakaza, kwa sababu ile nati inauma popote katika urefu wa mguu. Kwa fremu iliyochomelewa unahitaji fremu ya pili. Ukizinunua fremu mbili, ule unafuu wa bei uliokuvutia unapungua sana. Anayepika kitu kimoja mwaka mzima hana haja na haya yote, na kwake anglaini ni jibu la kutosha.

Jukwaa la mawe

Kwa kuni na makaa sijaona kinachoshindana nalo. Halitetemeki, haliibwi, na kutu yake ni ndogo. Lakini angalia jiwe unalolitumia. Mawe yetu ya kuchimba ni ya matumbawe, na matumbawe ndiyo yanayochomwa kwenye tanuri kupata chokaa. Ukijenga chumba cha moto kwa jiwe hilo tupu, kila upishi unalipeleka hatua moja kuelekea kuwa chokaa: litapasuka, litatoa unga, na unga huo utakuwa karibu na sufuria. Miguu na kuta za nje zijengwe kwa mawe, sawa. Mahali moto unapogusa, pangilia matofali ya udongo yaliyochomwa na ukandike kwa udongo, si saruji.

Ukimwaga zege ya juu yenye nondo ndani, usiruhusu mchanga wa ufuoni. Chumvi yake itakula nondo na zege itabanduka kwa mapande. Na kumbuka kwamba ukihama, jukwaa linabaki kwa mwenye nyumba. Sijasikia mwenye nyumba aliyelilipia.

Kupata na kusafirisha

Anglaini, flatibaa na bomba la mraba utavipata kwa urahisi mjini Malindi. Kwa chaneli ya milimita 2.5 iliyochovywa zinki, uliza kwanza maduka ya vifaa vya umeme hapa, na yakikosa piga simu Mombasa, umbali wa kama kilomita 120. Agiza za mita tatu, si za sita. Zinaingia kwenye pikapu na zinapita mlango wa ua. Mwambie muuzaji unene kwa milimita na umtake akutumie picha ya ncha iliyokatwa ikiwa na kipimo juu yake. Neno "nzito" peke yake halina maana dukani.

Kwa anayesoma haya akiwa Lamu, hesabu yangu inaegemea chaneli zaidi. Fremu iliyochomelewa ya mita moja na nusu kuivusha kutoka Mokowe kwa boti, kisha kuipitisha vichochoroni kwa punda na kuipandisha ngazi za nyumba ya zamani, ni kazi ya siku nzima na matusi kadhaa. Chaneli husafiri kama furushi la vyuma na mfuko wa bolti. Unazipakia, unazipandisha kidogo kidogo, na unafungia huko huko darini. Nunua nati kumi za ziada kabla boti haijaondoka, maana zikianguka majini kwenye gati hakuna duka la jirani la kukuuzia nyingine.